Mmoja wa Kila Nyumba

I

Wakili Rehani Mbawala alikuwa na namna yake ya kumwendea shahidi: polepole, mikono nyuma, kama mtu anayemnyemelea kuku wa jirani. Jaji Kandidus Kihwili alimfahamu tangu walipolala bweni moja, katika shule ile ya mlimani iliyowafundisha Kilatini, kufyeka nyasi na kutosema uongo. Katika masomo hayo matatu Mbawala alifaulu mawili.

"Bi Gaudensia Hyera," wakili alianza, "iambie Mahakama. Nyumbani kwako mnaishi watu wangapi?"

Aliyesimama kizimbani alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa mpunga, msemaji wa watu wa Luhemba waliokuja kwa malori kutoka bonde lao na kujaza mabenchi yote ya nyuma. Alirekebisha khanga begani, wala hakuliharakisha jibu.

"Tunaishi wa kutosha, baba."

"Wa kutosha si idadi, mama."

"Sisi inatufaa." Mabenchi ya nyuma yakacheka. "Wewe kwako mko wangapi?"

"Mimi si shahidi hapa."

"Sema tu. Naona haya kuulizwa peke yangu."

Mbawala, ambaye siku zote alipenda kuonekana mwungwana mbele ya wanawake, alitabasamu. "Watano. Mke wangu, watoto watatu na mimi mwenyewe."

Kicheko kilikatika ghafla. Mwanamke mmoja kule nyuma alivuta pumzi kama aliyeona mtoto akichezea kisu. Bi Gaudensia alimtazama wakili kwa huruma ya kweli kabisa.

"Umewataja wote? Pole sana, baba. Mungu akulindie."

Jaji aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Hakupenda vicheko mahakamani, na zaidi hakupenda kimya cha namna ile, kwa kuwa alikijua.

Nyuma ya kiti chake ukuta mzima ulikuwa kioo cheusi, na ndani yake mistari myeupe ya majimbo yote ya Jamhuri iliwaka bila kupepesa. Chombo hicho kilikuwa na jina refu la kisheria. Wananchi walikiita Rula. Kabla ya Rula, mipaka ya majimbo ilichorwa na wanasiasa, nao waliichora kwa njaa zao: jimbo lenye shingo ya twiga hapa, jimbo lenye mkia wa kenge kule, kila pindo likizifuata kura za ukoo fulani, hata nchi ikashikana mashati na kisha mapanga. Ndipo kalamu ikapokonywa mikononi mwao, ikapewa mashine, na mashine ikawekwa chini ya Mahakama. Kila baada ya miaka kumi nyuki wa sensa, vyombo vidogo vya chuma vyenye mvumo, hupita alfajiri juu ya paa za nchi nzima, vikihesabu joto la miili iliyolala chini yake. Rula huchora kwa hesabu hiyo. Jaji husikiliza malalamiko, naye akishaidhinisha, mstari hausogei mpaka nyuki wapite tena.

Safari hii Luhemba ilipungukiwa. Upungufu wenyewe ulikuwa mdogo, lakini Rula haijui huruma ya kusema "karibu." Ililifuta jimbo hilo na kulimimina bonde zima ndani ya jimbo la mji wa Mkendo. Na Mkendo, ambao Mbawala alikuwa wakili wao, walikuwa na kiu. Kwa miaka mingi walitaka ukuta wa bwawa lao uinuliwe, wakazuiwa na kifungu kimoja tu: ardhi haizamishwi ila kwa ridhaa ya mbunge wa jimbo lake. Siku Luhemba itakapokosa mbunge, mashamba yake, makaburi yake na paa zake zote zitakuwa mali ya maji. Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua hilo, na hakuna aliyehitaji kulisema.

"Nyuki waliona watu sita chini ya paa lako," Mbawala aliendelea. "Waliona vibaya?"

"Waliona vizuri. Waliwaona walioonyeshwa."

"Na nani hakuonyeshwa?"

"Mmoja."

"Mmoja yupi?"

"Mmoja wa kila nyumba, baba. Ndivyo tuishivyo. Hatukuanza na nyuki wenu; hata makarani wa kodi wa Mjerumani hawakutuona wote."

"Jina lake?"

"Ningekutajia jina, ningekuwa nimemhesabu."

Wakili aligeuka kuelekea kitini. "Mheshimiwa, tunaombwa kulihuisha jimbo kwa watu wasio na majina, kwa kinywa cha shahidi asiyetaka kujua nyumba yake ina watu wangapi. Sina swali zaidi."

Bi Gaudensia hakushuka kizimbani. Alimtazama Jaji, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya jikoni.

"Mheshimiwa anajua."

"Pingamizi!"

"Anajua. Marehemu mama yake, Bi Kordula, alizaliwa mlango wa tatu kutoka kwetu, na huyu tulimlea miaka yake ya kwanza yote. Ni mpwa wetu. Mwulizeni, wakija watu wa kuhesabu, katika nyumba ile nani alikuwa akipelekwa kwenye matete?"

Jaji alikuwa amesikia mengi kitini pale: vitisho, machozi, hata laana. Neno "matete" lilimpata pabaya. Maji ya baridi hadi magotini, giza linalopauka, na sauti ya mama yake ikinong'ona: kaa hapo mpaka nikuite, wala usiitike ukiitwa na mwingine. Nyumba iliyotajwa yote imekamilika, walisema wazee wa kwao, na kilichokamilika huja kuchukuliwa. Kwa hiyo huachwa mmoja nje ya hesabu, aliye mpenzi kuliko wote, ili mauti yakija na orodha yao yaone pana pengo, yaseme nyumba hii bado. Katika nyumba ya Bi Kordula aliyeachwa alikuwa yeye.

Kisha mlimani, asubuhi ya kwanza ya gwaride, padri alisoma majina, na Kandidus hakuitikia lake. Alichapwa siku ile, na iliyofuata. Kabla juma halijaisha alikuwa akipaza "Nipo!" kuliko wavulana wote, na juu ya "Nipo" ile alijenga maisha. Ni yeye aliyeandika, katika hukumu ambayo vijana wa sheria huikariri hadi leo, kwamba jaji hajui. Jaji huambiwa, kwa kiapo, mbele ya wote. Kwa kanuni hiyo aliwafungia mlango mawaziri waliokuja na minong'ono yao. Kwa kanuni hiyo alimnyima ndugu yake wa damu shamba alilojua fika kuwa ni lake. Ndugu huyo hakuja kwenye mazishi ya mke wa Jaji.

"Pingamizi limekubaliwa," alisema. "Bi Gaudensia, Mahakama haina mama."

II

Wakati wa mapumziko ya mchana hakula. Karani wake, Otmari, mtu mfupi aliyehudumu chini ya majaji watatu na kuwazika wawili, alimletea chai, akaisogeza karibu na mkono wake kama anayemtegea panya.

"Iwashe ya ndani," Jaji alisema.

Juu ya meza iliwaka ramani ndogo, pacha wa ile ya ukutani. Humu ndimo jaji aliruhusiwa kujaribu kabla ya kuamuru. Sheria ilimpa uwezo mkubwa kuliko ambao wananchi wengi walidhani: akiukataa mchoro, Rula humwuliza kigezo, naye hutamka kanuni moja ambayo kwayo nchi yote huchorwa upya. Wapo waliosema kwamba uwezo huo ulimfanya jaji kuwa Bunge la mtu mmoja. Kihwili alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, kabla hajawa jaji.

"Ongeza mtu mmoja kwa Luhemba, kila nyumba," aliiambia.

"Kigezo hakitaji mahali, kabila, ukoo wala mtu," Rula ilijibu kwa sauti yake isiyo na jinsia. "Tamka kigezo cha wote."

"Inawakumbuka wanasiasa wale kuliko tunavyowakumbuka sisi," Otmari alisema.

"Ndiyo kazi yake. Ongeza mtu mmoja kwa kila nyumba, nchi nzima."

Mistari iliyeyuka, ikaanza kutambaa. Pale kusini, Luhemba ilirudi kama kovu linalojitokeza. Jimbo dogo, lenye umbo la figo, la haki. Jaji aliegemea mbele. Lakini kutambaa hakukukoma. Katika miji mikubwa, ambako kila ghorofa ni vyumba vya mtu mmoja mmoja, daktari peke yake na paka wake, mfanyabiashara peke yake na taa zake, kila mpweke aligeuka kuwa wawili. Majimbo ya matajiri yalizaa majimbo. Na kwa kuwa viti vya Bunge haviongezeki, ilibidi vitoke mahali. Mkono wa Otmari ulionyesha kimyakimya nyanda za mkonge, ambako vibarua hulala mamia chini ya bati moja. Huko bweni lenye watu mia tatu liliongezewa mtu mmoja. Majimbo mawili ya vibarua yalififia, yakazimika.

"Kwetu ni kule," Otmari alisema. "Shangazi zangu wote wamezeekea kule, na mbunge tulimpata juzijuzi tu."

"Nafahamu."

"Sisemi kwa hilo, Mheshimiwa. Nasema tu kile unachokiona mwenyewe."

Jaji alijaribu vigezo vingine: wanaolala nje, wasio na paa, wasioonwa. Kila kimoja kiliokoa watu na kuzamisha wengine, na waliozama hawakuwa mahakamani wala hawakujua kwamba mchana ule majina yao yalikuwa mezani kwa mtu aliyeletewa chai. Aliizima ramani. Moyoni alihisi kitu kinachofanana na nafuu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujihoji, alijihoji: je, hii ni furaha ya mtu aliyeiona haki, au ya mtu aliyepata kisingizio? Akavaa joho.

"Njia imebaki moja," alisema. "Wathibitishe. Waje mmoja mmoja, waape, wawataje. Hapo sitahitaji kigezo. Nitasahihisha hesabu tu, kama inavyosahihishwa hesabu ya mtoto."

Otmari alikiondoa kikombe kilichojaa. "Mheshimiwa, unawataka wale watu waje kukutajia wote?"

"Sheria ndiyo inayotaka."

"Haya," alisema karani. "Sheria."

III

Aliwaeleza kwa maneno machache na mepesi, kwa kuwa alichukia hakimu anayejificha nyuma ya istilahi. Kila mkuu wa nyumba atakayesimama, akaapa na kuitaja nyumba yake yote, na yule aliyeachwa akaonekana kwa macho ya Mahakama, ataandikwa. Nyumba nyingi zikifanya hivyo, jimbo litasimama. Wasipofanya, hana la kufanya.

Hakuna aliyejongea. Mzee mmoja aliinama akawa anatazama viatu vyake. Kijana mwenye fulana ya mpira alisema kwa sauti ya kusikika, "Bora maji," na mama yake akamfinya.

Bi Gaudensia alisimama. Alitembea hadi kizimbani peke yake, akaapa, akashika mbao za kizimba kwa mikono miwili.

"Nyumbani kwangu," alisema, "yupo mume wangu Ponsiano."

"Gaude!" sauti ya kike ilimwita kutoka nyuma. "Gaude, dada, usifanye hivyo!"

"Yupo mama mkwe wangu. Wapo wanangu Silvanus na Remigi. Yupo mke wa Silvanus." Alikuwa akihema kama anayepanda mlima na mzigo. "Nipo mimi. Hao ndio sita wenu."

Mbawala alikuwa amesimama, lakini kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake haikuwa nyuma. Watu wa Luhemba walianza kutoka. Hawakugomba, walitoka kama watu wanavyotoka chumbani mwa mgonjwa anapotaka kubadilishwa nguo. Waliobaki walijifunika masikio.

"Na yupo Eufrasia," alisema Bi Gaudensia. "Mjukuu wangu. Yule pale, mwenye gauni la shule. Ndiye aliyekuwa kwenye matete."

Msichana wa miaka tisa hivi, aliyeketi pembeni ya benchi la mwisho, alijitazama kifuani kana kwamba jina lile limemwangukia pale na kuacha doa. Otmari aliandika. Katika kioo cheusi, chini kabisa, mahali ambapo nyumba moja ya Luhemba ilikuwa nukta isiyoonekana, tarakimu sita ikageuka kuwa saba. Mistari ya majimbo haikutikisika.

"Mwingine," Jaji alisema.

Alingoja. Aliwatazama mmoja mmoja: uso wa binamu yake ambaye hakumpungia, uso wa mwanamke aliyefanana na mama yake kwa paji la uso tu. Alingoja kupita kiasi ambacho kanuni ziliruhusu, na moyoni, mahali ambapo kanuni zake mwenyewe hazikufika, aliwasihi. Simameni, enyi wajinga wapenzi. Mmoja tu kwa kila nyumba. Hakuna aliyesimama. Walikuwa wameamua kwamba bonde likifa watakufa wakiwa pungufu, kama walivyoishi.

Basi akasoma uamuzi. Ulikuwa mfupi na hauna kasoro. Alisema kwamba mchoro wa Rula umefuata sheria. Kwamba walalamikaji wamethibitisha nyumba moja. Kwamba kigezo chochote cha kuwaokoa kingewadhulumu wasiokuwapo. Kwamba Mahakama inayochora kwa kile inachokijua moyoni haitofautiani na wanasiasa waliochora kwa kile walichokitamani. Kila sentensi ilikuwa kweli. Mchoro unaidhinishwa. Nyuma yake mpaka wa zamani wa Luhemba ulizimika katika kioo, na mstari wa Mkendo ukapita juu yake bila hata kupinda.

Hakuna aliyelia. Bi Gaudensia alikuwa bado yuko kizimbani.

"Mheshimiwa, nina ombi dogo."

"Sema, mama."

"Nilimtaja mtoto ili tupate jimbo. Jimbo hatukupata." Alizungumza kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. "Basi mnirudishie. Mfute. Nyumba yangu iwe sita kama mlivyoikuta."

Jaji aliinua macho kwa Mbawala, akitarajia pingamizi, karibu akilihitaji. Wakili alikuwa amevua miwani.

"Mheshimiwa," alisema, "upande wetu hauna pingamizi. Mtu mmoja hasogezi mpaka wowote." Kisha, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya mahakamani, "Kandidus. Mpe."

Kilikuwa kitu kidogo. Otmari alikuwa ameshaishika kalamu ya kufutia, ameielekeza, anangoja ishara ya kichwa cha Jaji tu. Lakini Jaji aliona, kwa uwazi ule uliomfanya awe jaji, kilichokuwa nyuma ya kitu kile kidogo: kiapo kinachofutika. Leo bibi mwenye huzuni, kesho waziri. Leo mmoja kwa huruma, kesho elfu kwa hongo. Wanasiasa waliochora kabla ya Rula walianza hivyo hivyo, kwa mtu mmoja ambaye hasogezi mpaka.

"Ushahidi uliopokelewa haufutwi," alisema. Sauti yake haikutetemeka, na alijivunia hilo kwa kitambo kidogo sana. "Mtoto yupo. Mahakama haiwezi kuandika kwamba hayupo."

Bi Gaudensia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Mama yako alikutoa kwenye hesabu ili uishi," alisema. "Umeishi, mpwa wangu. Hongera."

Alishuka. Otmari aliiweka kalamu chini, akajikohoza, akaita, "Korti!" kwa sauti ambayo Jaji hakuwahi kuisikia ikiwa dhaifu hivyo.

Jaji aliinuka. Mbawala aliinuka, akiyatazama makaratasi yake. Makarani waliinuka. Watu wa Luhemba waliobaki, wazee kwa vijana, hawakuinuka. Na wale waliokuwa wamesimama mlangoni wakaketi sakafuni, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Hiyo ni dharau ya Mahakama, na adhabu yake imeandikwa. Jaji aliikumbuka hadi aya.

Kati ya watu wote wale alisimama mtoto mmoja tu, yule mwenye gauni la shule, wima, mikono ubavuni, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kufanya mkubwa anapoinuka. Bibi yake alimfikia, akamwekea mkono begani, akamketisha.